Karanga za Kongwa kwenye rafu sita

Alikuja Jumatatu asubuhi, kabla sijamaliza kufungua madirisha ya chumba cha kusomea. Mama wa makamo, khanga ya pili begani, mkononi bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. "Mbukwa, mwanangu." Nikamwitikia, nikamvutia kiti. Ndani ya bahasha mlikuwa na rasimu ya andiko la mradi, kurasa nne zilizochapwa kwenye duka la stationari pale stendi. Pembeni mwa ukurasa wa pili mtu wa halmashauri alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Historia ya zao hili Kongwa? Mradi wa Waingereza ulikufa kwa nini? Fafanueni." Alimaanisha ule mradi mkubwa wa karanga ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha Kongwa mwaka 1947 na kuufunga mwaka 1951.

Kikundi chao kina wanawake 14, upande wa Kibaigwa, wilayani Kongwa. Wana mashine ndogo ya kukamua alizeti, na walitaka kuongeza karanga: wanunue mbegu bora, wakamue mafuta, wauze mashudu kwa wafugaji. Fedha walikuwa wanaziomba kwenye ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo wanawake wana fungu la asilimia 4. Kalamu nyekundu ilikuwa imemuudhi. "Mwanangu, karanga nimeanza kulima mgongoni kwa mama yangu. Huyu anataka nimsimulie habari za Waingereza?"

Ameniruhusu kukisimulia kisa hiki bila jina lake. Nakisimulia kirefu kwa sababu mimi ni mkutubi hapa Dodoma, na karibu kila wiki namwona mtu anayepita nje ya maktaba akiamini ni ya wanafunzi wa mitihani tu, ilhali swali la biashara yake lina majibu humu ndani.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Niliposikia "mkopo" na "andiko", miguu ilinipeleka yenyewe kwenye rafu ya 658, panapokaa vitabu vya uendeshaji wa biashara. Nikamletea vitatu. Alivisoma kama nusu saa, kwa heshima, kisha akavirudisha mezani kwangu. "Hivi vinanifundisha kutunza daftari. Daftari ninalo. Nimeulizwa habari za Kongwa." Alikuwa na haki. Aliyeshika kalamu nyekundu hakuuliza biashara inaendeshwaje. Aliuliza biashara hii iliwahi kufanywa na nani, mahali hapa hapa, na ikaishaje. Ni swali la mtu anayekopesha fedha za umma, na mimi naliheshimu.

Ugumu ni kwamba historia ya biashara haina rafu yake. Tunapanga vitabu kwa namba za Dewey, na namba hizo zinagawa elimu kwa fani, hazifuati safari ya gunia. Karanga ikiwa shambani utaikuta 633, pamoja na mazao mengine ya shamba. Ikishakamuliwa imehamia 665, kwenye mafuta. Bei na soko lake viko 338. Reli iliyoibeba iko 385. Mvua iliyoinyesha au kuinyima iko 551. Na Waingereza waliokuja kuilima kwa matingatinga wako 967.8, historia ya Tanzania. Zao moja, rafu sita, na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo kibao chake kinasema "biashara".

Tukaketi na karatasi tupu. Nilimwomba asahau andiko kwa muda, aniambie anachotaka kujua yeye mwenyewe. Yalitoka maswali matatu. Je, watu wa Kongwa walikuwa wakiuza karanga kabla ya huo mradi? Mradi ulikufa kwa sababu ya ardhi, au kwa sababu ya wenye mradi? Na la tatu, ambalo halikuwa kwenye kalamu nyekundu lakini lilikuwa linamnyima usingizi: mashine yao ya alizeti itakubali karanga?

Swali la kwanza lilitukwamisha siku mbili. Kila tulipotafuta "Kongwa" kwenye faharasa za taarifa za zamani, tulikuta mwaka 1947 kwenda mbele. Kabla ya hapo, kimya. Mama alianza kuamini kwamba labda kweli hapakuwa na kitu. Kumbe tulikuwa tunatafuta kwa jina la leo. Wakati wa Waingereza Kongwa ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mpwapwa, na Mpwapwa ilikuwa ndani ya Jimbo la Kati, makao yake Dodoma. Ukitafuta "Mpwapwa" na "Central Province", mlango unafunguka. Zao lenyewe nalo lina majina yake: taarifa nyingi za enzi hizo ziliandika "ground-nuts" kwa kistari katikati, na ukienda nyuma zaidi, enzi za Wajerumani, utakutana na "Erdnüsse". Mtafutaji asiyebadilisha tahajia anarudi mikono mitupu kisha analaumu maktaba.

Taarifa za mwaka za idara ya kilimo ya kikoloni hatukuwa nazo zote. Nilimwandikia mwenzangu anayefahamu mkusanyo wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikamtajia jimbo, wilaya na miaka. Hapo pana siri ya kazi yetu: ukiomba "chochote kuhusu karanga" utasubiri sana, lakini ukitaja aina ya taarifa, mwaka na jimbo, mtu anajua asimame mbele ya rafu ipi. Baada ya siku chache kurasa zikaja kwa simu, picha baada ya picha, karatasi ya njano, kingo zimeliwa. Mama alivaa miwani akafuata mistari kwa kidole huku mimi nikitafsiri. Karanga zilikuwamo, zimeorodheshwa kati ya mazao ambayo wenyeji wa jimbo walilima na kuuza kupitia maduka yaliyopo kando ya reli ya kati. Reli hiyo ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914.

Aliondoa miwani. "Kwa hiyo hawakuja kutufundisha karanga."

Swali la pili ndilo tulilolikalia zaidi, na hapa nataka kusema jinsi tulivyosoma, maana karatasi mbili zinazohusu jambo moja zinaweza kukupeleka njia mbili tofauti. Karatasi ya kwanza ni mpango wenyewe, waraka ambao serikali ya Uingereza iliuwasilisha bungeni kwao Februari 1947. Kabla ya kumsomea hata tarakimu moja nilimwuliza: huu umeandikwa na nani, kumwambia nani, apate nini? Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, watu walikuwa wanagawiwa kwa kipimo. Wazo lilitoka mwaka 1946 kwa Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni ya biashara iliyokuwa chini ya Unilever. Timu ndogo iliyoongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa kilimo Tanganyika, ilitumwa kukagua nchi. Ilitumia wiki 9, na sehemu kubwa ya ukaguzi ilifanywa kwa ndege. Waraka uliotoka hapo uliandikwa kuwashawishi watu waliokuwa na njaa ya mafuta watoe fedha. Ukijua hilo, unazisoma tarakimu zake kwa jicho jingine.

Mpango ulisema mashamba 107, kila moja ekari 30,000, mengi yakiwa Tanganyika na mengine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Mama alitoa simu akazidisha mwenyewe, kwa kidole gumba, taratibu, asikosee sufuri. Ekari 3,210,000. Akanionyesha kioo cha simu kama anayeuliza kama imeharibika. "Shamba moja ekari elfu thelathini? Sisi kikundi kizima tuna ishirini na mbili."

Karatasi ya pili ni majadiliano ya Bunge la Uingereza ya miaka iliyofuata, ambayo siku hizi yanasomwa bure kwenye intaneti, siku kwa siku, mbunge kwa mbunge. Watu wengi wa hapa hawajui kwamba bunge la Westminster lilibishana kuhusu udongo wa Kongwa kwa jina. Wapinzani wanamhoji waziri wa chakula, John Strachey, na yeye anajibu. Hapo maneno matamu ya mpango yanakutana na hesabu. Mwaka wa kwanza ulipangiwa kusafisha ekari 150,000. Zilizopandwa ni 7,500 hivi. Mashine zilikuwa masalia ya vita, nyingine zimekwisha kuchoka kabla ya kufika. Vifaru vya jeshi viligeuzwa kuwa matrekta. Kila kipuri, kila pipa la mafuta, lilipita bandari moja na reli moja. Mizizi ya vichaka vya Ugogo ilivunja majembe ya chuma. Na udongo, ambao wakati wa mvua unalimika vizuri, wakati wa kiangazi ulikaza kama sakafu, ukazishika karanga chini hata mashine za kuvunia zikashindwa kuzing'oa.

Nilipofika hapo mama alicheka kidogo, si kwa dharau. "Udongo ule mwezi wa sita hata jembe linarudi. Unang'oa karanga ardhi ikiwa bado na unyevu, ukichelewa wiki mbili umeziacha humo." Nikamwomba arudie, nikaandika maneno yake neno kwa neno. Mtu aliyekagua nchi kutoka angani kwa wiki 9 hakuweza kujua jambo hilo, na halikuwa siri. Lilikuwa linajulikana na kila mwanamke aliyewahi kuvuna karanga eneo lile. Kwangu hiyo ndiyo sentensi iliyobeba andiko zima, na haikutoka kwenye rafu yoyote. Lakini bila ile karatasi ya bunge pembeni yake, afisa angeisoma kama maneno ya kijiweni.

Januari 1951 mradi ulifungwa rasmi, na pauni milioni 36 hivi zikafutwa vitabuni. Katika rasimu ya kwanza binti wa mmoja wa wanakikundi, anayesoma chuo, alikuwa amezigeuza pauni hizo kuwa shilingi kwa kiwango cha benki cha wiki ile. Tuliifuta. Shilingi ya Afrika Mashariki ya wakati huo ilikuwa 20 kwa pauni, kwa hiyo tunazungumzia shilingi milioni 720 za enzi hizo, ambazo hazilingani kabisa na milioni 720 za leo. Ukitaka msomaji aelewe ukubwa, linganisha fedha na fedha za wakati ule ule: mpango mzima, mashamba yote 107, ulikadiriwa kama pauni milioni 25. Walitumia zaidi ya hapo na hawakukaribia hata sehemu ndogo ya eneo walilolipanga.

Tulibishana mara moja tu, na ubishi huo ndio ninaoujali kuliko yote. Mama alitaka kuandika: "Ardhi ya Kongwa ni nzuri kwa karanga, Waingereza walikosea." Inasikika vizuri, na inawafurahisha watu wa kwetu. Nilimwambia nyaraka hazisemi hivyo. Zinasema haraka, ukubwa, mashine na udongo viliua mradi, lakini zinasema pia mvua, na mvua ile ndiyo inayonyesha shambani kwake. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na mwaka mbaya ukija haumwulizi mtu ana ekari 22 au 30,000. Ardhi ile ile baadaye ilifanywa ya mifugo, na Ranchi ya Kongwa ipo hadi leo. Historia inaweza kumwonyesha afisa kwamba kikundi hakirudii kosa la mwaka 1947. Haiwezi kumhakikishia faida. Alinyamaza muda mrefu, akikunja na kukunjua ncha ya khanga. Kisha akasema andika na mvua.

Miaka ya mashirika ya umma tuliipitia kwa haraka. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 ununuzi wa mazao uliingia mikononi mwa mashirika na vyama vya ushirika. Vyama hivyo vikavunjwa mwaka 1976 na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Takwimu za kipindi hicho ni za mazao yaliyonunuliwa kwa njia rasmi. Zikishuka, usiandike kwamba watu waliacha kulima. Karanga ni chakula, inaliwa, inauzwa kwa kopo sokoni, inapita njia za panya. Tuliweka sentensi moja ya tahadhari tukaendelea.

Swali la tatu lilitupeleka 665, rafu yenye vumbi kuliko zote kwa sababu hakuna mwalimu anayeitolea kazi ya nyumbani. Huko kuna miongozo ya teknolojia ndogo za kukamua mafuta, mingi ya miaka ya 1980 na 1990, wakati mashine ya mkono ya kukamua alizeti ilipotengenezwa Arusha na kuenea vijijini. Mashine ile ilipenda alizeti yenye ganda laini, ndiyo maana mbegu ya Record ikapata jina. Kuhusu karanga miongozo inaeleza wazi: ganda la mbegu ndilo linaloipa mashine mahali pa kushika. Karanga iliyobanguliwa, tupu, haina nyuzi. Ndani ya mashine inakuwa uji, inateleza, mafuta hayatoki inavyotakiwa. Wakamuaji huchanganya na maganda kidogo ili mzigo ushike. Mama alisoma mchoro wa mashine kwa muda mrefu kuliko alivyosoma kitu kingine chochote humu ndani. Alikuwa anaona mashine yake mwenyewe, ile skrubu, lile pipa lenye matundu, na akaniambia kwamba mwaka juzi walijaribu debe moja wakadhani mashine imekufa.

Halafu kuna jambo ambalo nyaraka za mwaka 1947 hazilitaji hata mara moja, nalo lingeweza kuwapotosha: sumukuvu. Hawakulificha. Lilikuwa bado halijulikani. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza, na uchunguzi ukafika kwenye mashudu ya karanga waliyolishwa, yaliyokuwa na sumu ya ukungu. Ndipo ulimwengu ukaanza kuitafuta sumu hiyo. Sisi tuna sababu ya karibu zaidi ya kuijua: mwaka 2016 sumukuvu ya mahindi iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mtu anayetafiti biashara kwa kutumia taarifa za zamani lazima aiangalie tarehe iliyo juu ya ukurasa na kujiuliza ni kitu gani mwandishi huyu hakuweza kukijua. Kikundi kilikuwa kimepanga kuuza mashudu ya karanga kwa wafugaji, na rasimu haikuwa na neno hata moja kuhusu kukausha wala kuhifadhi.

Andiko lilibadilika. Ukurasa wa historia ulikuwa mmoja, hauzidi, wenye Mpwapwa ya kabla ya mradi, sababu za kufungwa kwake, mvua, na ile sentensi ya udongo wa mwezi wa sita. Lililobadilika zaidi ni ombi lenyewe. Waliondoa ukamuaji wa karanga. Mashine itabaki na alizeti, na fedha wanazoomba ni za mashine ya kubangulia karanga, maturubai ya kukaushia, na kipimo cha unyevu. Watauza karanga safi, kavu, zilizochambuliwa. Ni mradi mdogo kuliko ule wa kwanza na mimi nauamini zaidi. Hadi naandika haya halmashauri haijajibu.

Wiki iliyopita mama alirudi na kitu kwenye mfuko wa plastiki. Daftari la kikundi, lile la kwanza, jalada limetoka, kurasa zimelowa mafuta hata maandishi ya upande wa pili yanaonekana. Magunia yaliyoingia, lita zilizotoka, mashudu aliyochukua nani na deni lake, mwezi kwa mwezi. Aliniuliza kama maktaba inaweza kutoa kopi ikae humu, maana tulipokuwa tunatafuta habari za wauza karanga wa zamani hatukukuta hata daftari moja la mtu wa kijijini, zilikuwa taarifa za maofisa tu. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Tuliyafunika majina ya wadaiwa kwa vipande vya karatasi, tukapiga kopi ukurasa kwa ukurasa, nikazijalidi kwa uzi. Kisha nikaketi na kitabu cha namba mbele yangu. Alizeti ni 633, mafuta ni 665, Kongwa ni 967.8. Nimeliandikia 338.1, na kwenye katalogi nimeliwekea maneno ya kulitafutia yote: Kongwa, Kibaigwa, Mpwapwa.